Laini mbili na soksi moja: nilivyochagua simu ya kupandia Mlima

Simu yangu ya zamani ilizimika kambi ya Barafu, saa nne usiku, Desemba 2023, ikisoma chaji asilimia 41. Haikuonya wala kulia. Kioo kiliwaka, kikaganda, kikawa cheusi. Mimi ni mwongoza wageni, mwaka wa kumi na moja huu napandisha watu Kilimanjaro, na usiku ule nilikuwa na mgeni ambaye kichwa kilimkamata tangu Lava Tower. Nilishaamua hapandi kileleni, kesho anashuka na msaidizi wangu. Ofisi mjini ilitakiwa ijue mapema ili gari liwahi geti la Mweka, na mimi nimeshika kipande cha kioo kisicho na kazi.

Nikamwendea mgumu mmoja (ndivyo tunavyowaita wapagazi huku kwetu) mwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Siku ya nne mlimani na kitochi chake kilikuwa bado kina chaji tele. Nikachomoa laini yangu kwa pini ya beji. Shida ikawa ukubwa: laini yangu imekatwa ile ndogo kabisa, kitochi kinataka ile kubwa ya zamani. Tukailaza kwenye mfereji wake kwa kukisia, yeye akimulika tochi kichwani, mimi vidole vimekufa ganzi, tukaishikiza kwa kipande cha plasta kutoka sanduku la huduma ya kwanza. Mara ya tatu ikasoma. Nikasimama kwenye lile jiwe ambalo kila mtu anayelala Barafu analijua, nikapiga, gari likapangwa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kilichoamua ninunue simu gani, ingawa ilinichukua miezi mitano kuelewa.

Masika ya 2024 yalipoanza, wageni wakapungua kama kawaida ya Aprili na Mei, tukarudi kwenye migomba. Nilikuwa na milioni moja na laki mbili, tipu za Januari na Februari, na mama watoto alikuwa amekubali nizitumie kwa masharti ambayo si ya kuandikwa hapa. Nilishachoka na simu za bei ya kati. Kwa kazi yangu picha ni mtaji: mgeni wa mwaka kesho anakuja kwa sababu ya picha aliyoiona ya mgeni wa mwaka jana. Kwa hiyo nikasema safari hii nachukua simu ya daraja la juu, hata kama imetumika.

Hapo ndipo kila mtu akawa mtaalamu. Shemeji yangu anakaa Sakina, Arusha, na ni mtu wa iPhone wa kufa na kuzikana. "Baba Glory, mtu wa heshima yako anapiga picha wazungu kwa Android? Watakuonaje?" Nikamwambia wazungu wananiangalia miguu, siyo simu. Lakini shemeji alikuwa na hoja moja ya maana: iPhone haishuki thamani haraka. Ukiinunua leo, mwakani unaiuza na unabaki na kitu mkononi. Hilo sikumpinga na sitampinga, kila anayeuza simu za mtumba anakuambia hivyo hivyo.

Kwa pesa yangu, mashindano yalibaki kati ya mbili. Upande mmoja iPhone 13, upande wa pili Samsung Galaxy S23. Bei zilikuwa zinakaribiana kabisa, ila iPhone 13 ilitoka Septemba 2021 na S23 Februari 2023. Mwaka mmoja na zaidi wa tofauti, kwa pesa ile ile. S23 ilikuwa imeshuka kwa sababu Januari 2024 Samsung walitoa S24 na kuahidi kuihudumia kwa masasisho miaka saba, na wenye pesa wakaziacha za zamani. S23 yenyewe iliahidiwa matoleo manne ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama, kwa hiyo hadi 2028 bado ipo hai. Apple kwa iPhone 13 hawakutoa ahadi kwa idadi ya namna hiyo ila rekodi yao inajulikana, simu zao wanazitunza miaka mingi. Hapo nikaona hakuna wa kumcheka mwenzake.

Nilidhani baridi ndiyo itakayoamua. Nikakaa na mtoto wa dada yangu anayesoma chuo, tukatafuta kampuni zenyewe zinasemaje. Apple: tumia simu kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Samsung: nyuzi 0 hadi 35. Herufi kwa herufi! Usiku wa kileleni, kuanzia Barafu kwenye mita 4,600 na ushei hadi Uhuru 5,895, sisi tunatembea chini ya sifuri saa zote, kwa hiyo hakuna simu hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kwa ajili yetu. Kijana akanieleza kwamba betri za lithiamu zikipoa, ukinzani wa ndani unapanda. Simu ikidai umeme mwingi kwa mkupuo, mfano unapofungua kamera, volti inaporomoka na simu inajizima yenyewe kujilinda. Chaji yenyewe haijaisha. Ukiipasha moto inarudi. Ndiyo maana ile ya kwangu ilifufuka asubuhi ndani ya begi la kulalia, asilimia 38, kama vile haijawahi kufa. Basi dawa ya baridi ni soksi. Soksi ya sufu, simu ndani, soksi kwenye mfuko wa ndani kifuani, juu ya fulana ya kwanza. Haijali nembo.

Kamera nayo sikuipa usiku mwingi. Watu wanabishana megapikseli mpaka chai inapoa. Niliomba simu ya jirani mwenye iPhone 13, nikaomba na S23 ya fundi wangu pale Double Road, nikaenda nazo Rau alfajiri, Kibo akiwa hajafunikwa, nikapiga picha mahali pale pale kwa zote mbili. Video ya iPhone ilikuwa tulivu zaidi nikitembea, hilo nalikiri. S23 ilikuwa na lenzi ya kuvuta mara tatu, na iPhone 13 ya kawaida haina. Mimi huwapiga wageni wakiwa mbali kwenye mteremko, nikaona kuvuta kunanifaa kuliko utulivu.

Fundi wangu ndiye aliyenirudisha Barafu. Nilimuuliza ipi ni rahisi kutengeneza, akacheka. "Chifu, zote ni ghali. Kioo halisi cha yoyote kati ya hizi unanunulia mtu simu nyingine nzima ya kawaida. Wewe niambie, una laini ngapi?" Mbili. Moja ya wageni na ofisi, nyingine ya pesa za wagumu, na kila moja ni ya mtandao wake kwa sababu mlimani mtandao unaoshika Machame sio unaoshika Barafu. Akaniuliza ninazitumia vipi. Nikaanza kumsimulia kisa cha kitochi, plasta na jiwe, na katikati ya masimulizi nikanyamaza mwenyewe.

iPhone 13 tunazozipata huku nyingi zinakaa laini moja ya kadi, ya pili iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayokaa ndani ya simu yenyewe. eSIM ni kitu kizuri ukiwa mjini: unakwenda kwenye duka la mtandao, unaweka kidole, wanakuwekea. Lakini simu ikizima Barafu, eSIM imezima nayo. Huwezi kuichomoa kwa pini ya beji ukaishikiza kwa plasta kwenye kitochi cha mtu. Na hizi za kutoka Marekani kuanzia iPhone 14 hazina kabisa tundu la laini. Wafanyakazi wa benki na walimu hili haliwahusu hata kidogo. Mimi linanihusu.

Basi nikawa mtu wa S23, lakini kuipata ilikuwa safari nyingine.

Nilipanda Noah mpaka Arusha, shemeji akanipeleka maduka matatu. La kwanza, karibu na stendi, muuzaji alijaribu kunibadilisha mawazo kwa iPhone 13 Pro ya bei ya kushangaza. Shemeji macho yakamng'aa. Nikaomba nifungue mipangilio. Juu kabisa kuna jina la mtu, halikuwa la muuzaji wala la mtu yeyote ninayemjua. Nikasema, toa akaunti hiyo, futa kila kitu, tuiwashe upya mbele yangu. Akasema haina haja, ipo hivyo hivyo inafanya kazi. Nikateremka zaidi kwenye sehemu ya kuhusu simu, pale chini pana historia ya vipuri: kioo kimeandikwa kipuri kisichojulikana. Nikamrudishia kwa heshima. Simu ya Apple yenye akaunti ya mtu mwingine, siku mwenyewe akiamua kuifunga, umebaki na kioo cha kujitazamia.

Duka la pili walikuwa na S23, safi, rangi ya kijani, roho ikanidunda. Nikaomba pini. Trei ikatoka na nafasi ya laini moja. Nikaangalia namba ya modeli: inaishia na U, ya Marekani. Ile ya soko la kimataifa, SM-S911B, inabeba laini mbili za kadi. Kwa macho ni pacha, hata shemeji alidhani naleta visingizio. Niliirudisha nikijilaumu kidogo, maana kijani kile kilikuwa kizuri.

Niliyoinunua niliipata Moshi hapa hapa wiki mbili baadaye, mtu anauza yake apate ya Ultra. Nyeusi, milioni moja na elfu themanini. Nilibonyeza *#06#, nikatuma namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu, kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, jibu likaja na jina la simu linalolingana. Nikabonyeza *#0*# ikatokea ile menyu ya majaribio: nyekundu, kijani, bluu, kugusa kila kona ya kioo, spika, kamera. Kona ya chini kushoto niliigusa mara nne, muuzaji akaanza kupumua kwa nguvu.

Nimepanda nayo mara nyingi tangu hapo. Kitufe cha pembeni ukikibonyeza mara mbili kamera inafunguka, na kuna mahali pa kuongeza wepesi wa kioo ili kiguswe na glavu nyembamba. Kwa baridi ile, vitu hivyo viwili nimevipenda kuliko vyote vilivyoandikwa kwenye matangazo. Soksi haijawahi kuniangusha. Mara moja tu ilizima, na kosa lilikuwa langu, niliiacha mfuko wa nje kuanzia Stella Point, karibu na kileleni.

Ninachokikosa nakisema wazi, ni AirDrop, ile njia ya iPhone kurushiana picha zenyewe kwa zenyewe. Wageni wangu wengi ni watu wa iPhone. Msaidizi wangu, kijana, alinunua iPhone mwaka jana. Sasa tukifika Uhuru, pale kwenye bango, baada ya picha wote wanajikusanya kumzunguka yeye, simu zinaguswa moja baada ya nyingine, picha zinahama bila bando wala mtandao. Mimi nimesimama pembeni na S23 yangu kama mtu aliyekwenda harusini bila kadi. Zangu nazituma tukishashuka, usiku, kwa intaneti ya hoteli, kupitia WhatsApp kama faili ili zisibanwe. Njia ya Marangu inasaidia kidogo, tangu Agosti 2022 shirika la simu la TTCL wameweka intaneti kambi ya Horombo, lakini sisi kwa kawaida tunapandia Machame. Mgeni mmoja wa Uholanzi aliniambia angependa picha zote kabla hajalala. Nililala saa nane.

Mama Glory yeye alinisikiliza mwaka mzima nikihubiri laini mbili na trei, kisha Novemba akaenda kununua iPhone 15. Anauza nguo za mitumba soko la Memorial, kila siku anapiga video za nguo akizungukazungusha, na anataka ule utulivu. Laini ya pili ameweka eSIM, na haijawahi kumsumbua, kwa nini imsumbue? Uzuri wa 15 ni kwamba tundu la chaji ni Taipu C kama la kwangu, kwa hiyo nyumbani tumebaki na chaja moja nzuri, ile yangu. Iko upande wake wa kitanda. Safari ya mwezi huu nimeondoka na pawabenki.