Simu Haianui Matanga

Matanga yana siku ya kuanuliwa. Hema linashushwa, viti vya kukodi vinarudishwa mtaani Kondele, Kisumu, watu wanatawanyika. Simu haina siku hiyo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, Google Photos, programu ya kuhifadhi picha, inamletea mjane picha za maziko kama vile inamletea za harusi.

Hasira ya kwanza ni kufuta, na hapo wengi huumia mara ya pili. Picha iliyokwisha kupanda mtandaoni, ukiifuta ndani ya programu hiyo, inatoka kwenye simu na kwenye akaunti kwa pamoja. Hulala pipani siku 60, kisha haipatikani tena. Majuto ya mfiwa, kwa maoni yangu, huchelewa kuliko hapo.

Heri kuficha. Gusa duara la akaunti juu kulia, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kumbukumbu (Memories), chagua kuficha watu, kisha gusa uso wa marehemu. Picha zinabaki mahali pake, zinaacha tu kujileta. Lakini programu huficha nyuso inazozitambua, na jeneza lililofungwa halina uso. Kwa hiyo ficha tarehe pia, tangu siku ya kulazwa hospitalini hadi siku ya maziko.

Sauti ndizo ngumu. Jumbe za sauti za WhatsApp, zile za "umefika salama?", hazipandi Google Photos. Kwenye Android hukaa kwenye folda yake, zimegawanywa kwa mwaka na wiki, na jina la faili lina tarehe na namba tu, msemaji hatajwi. Basi usianzie kwenye folda. Anzia kwenye mazungumzo: shikilia ujumbe, ushiriki hadi Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, uubadilishe jina papo hapo, nani kasema, lini, kuhusu nini. Sauti 20 zenye majina zitasikilizwa. 2,000 zisizo na majina hakuna atakayezifungua.

Na akaunti ya marehemu mwenyewe? Google inaweza kuifuta isipotumika kwa miaka 2, pamoja na picha zilizomo. Aliye hai anaweza kuteua hadi watu 10 wa kuarifiwa na kukabidhiwa, baada ya kimya cha miezi 3 hadi 18. Kuyasema haya sebuleni huonekana kama kuita kifo, najua. Ila yasemwe mapema, maana jamaa huuza simu ya marehemu kabla hata ya kukubaliana kuhusu ng'ombe.