Siku Moja Maishani Mwangu: Piano Nisiyoijua

Saa 2 asubuhi. Jioni napiga piano peke yangu jukwaani, na siku ya onyesho mikono haifundishwi jambo jipya. Skeli, yaani nota zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, taratibu, kisha mkono wa kushoto peke yake, polepole mno. Nusu saa inatosha.

Saa 3. Naketi mbali na piano, nafumba macho na kuipitia kichwani Sonata ya Beethoven opus 57, kipande kirefu cha piano nitakachopiga jioni. Desturi ya kupiga bila karatasi za nota ilienezwa na akina Clara Schumann na Franz Liszt katika karne ya 19, na leo hadhira huitarajia. Kumbukumbu ya vidole haitoshi, maana kikohozi kimoja ukumbini huweza kuifuta. Kwa hiyo nimejiwekea vituo: mahali ambapo naweza kuanza upya bila mtu kugundua.

Saa 5. Namsindikiza mwimbaji mazoezini, yaani yeye anaimba nami nampigia piano. Sisi tunaochipukia wengi wetu tunaishi kwa kazi hii na kwa kufundisha watoto. Mashindano hayalishi wengi: yale ya piano ya Chopin ya Warszawa, Poland, yaliyoanza mwaka 1927, huja kila baada ya miaka 5 tu, na wanaofika fainali ni wachache. Wapo wanaodharau usindikizaji. Mimi naona ndio ulionifundisha kupumua katikati ya sentensi ya muziki.

Saa 9 alasiri, ukumbini. Saa hii ndiyo inayoamua kila kitu. Mpiga fidla huja na fidla yake. Sisi wapiga piano chombo tunakikuta hukohuko. Leo ni piano ya Steinway yenye urefu wa mita 2.74, karibu kilo 480, na fundi ndiyo kwanza amemaliza kuzisawazisha nyuzi zake. Naanza na nota ya F ya chini, ambayo sonata hii huirudia mara nyingi. Piano ya Beethoven iliishia hapo. Hii ina funguo 8 zaidi chini yake, na F yake inanguruma kupita kiasi. Funguo ni nzito kuliko za piano ninayofanyia mazoezi, na sonata inafunguka kwa sauti ya chini sana, mikono yote miwili ikipiga wimbo uleule. Nikibonyeza kwa woga, nota haitatoka kabisa. Nairudia sentensi ile ya kwanza mpaka nijue uzito wake. Kisha namwomba fundi apige kidogo, nami nakwenda kusikiliza safu ya nyuma. Mwangwi ni mrefu. Watu wakijaa, miili na nguo zao zitaumeza kiasi, lakini bado pedali, inayoziacha nyuzi ziendelee kulia, nitaikanyaga nusu tu.

Saa 11. Napumzika. Mikono iwe na joto, basi.

Saa 1:30 usiku. Napiga. F ile naipunguza nguvu, na inakaa mahali pake.

Saa 4. Wasikilizaji wameondoka. Naandika daftarini: ukumbi, piano, funguo nzito, besi inayonguruma, pedali nusu. Nikialikwa tena hapa, nitaanzia kwenye ukurasa huu.