Alishuka Basi, Hakufika Bwenini

Usiku wa Machi 2, 1998, Suzanne Lyall, mwanafunzi wa miaka 19 katika chuo kikuu cha umma mjini Albany, jimbo la New York, alimaliza zamu yake katika duka la programu za kompyuta alikokuwa akifanya kibarua, akapanda basi kurudi chuoni na, kwa maelezo ya shahidi, akashuka katika kituo kilichomo ndani ya eneo la chuo, mwendo mfupi tu kutoka bwenini kwake. Hakufika. Tangu usiku huo hakuna aliyethibitika kumwona tena, mwili wake haujapatikana, wala hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Kila ninaporudia habari zake hukwama kwenye dola 20. Alasiri ya siku iliyofuata kadi yake ya benki ilitumika kutoa kiasi hicho katika mashine iliyokuwa ndani ya duka moja mjini Albany, na nambari ya siri iliyoingizwa ilikuwa sahihi. Mwizi angetaka zaidi, na mtu anayetoroka maisha yake asingeondoka na pesa za kumtosha siku moja au mbili. Aliyesimama mbele ya mashine ile, iwe alikuwa Suzanne mwenyewe au mtu mwingine, huenda ndiye anayejua yote tunayoyatafuta. Baadaye kilipatikana pia kibandiko chenye jina lake, alichokuwa akikivaa kazini, karibu na kile kituo cha basi. Nimeona watu wakijenga hadithi nzima juu ya vitu hivi viwili na kuwatuhumu watu kwa majina. Mimi siwezi, kwa sababu tuhuma isiyo na ushahidi humuumiza aliye hai bila kumrudisha aliyetoweka.

Jambo ninaloweza kulisema kwa uhakika ni la sheria, na ndilo linalonichoma zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliwataka polisi waingize mara moja katika mfumo wa taifa taarifa za mtoto aliyepotea, lakini kinga hiyo iliishia kwa walio chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa miaka 19, ambaye pengine ndiyo kwanza ametoka mikononi mwa wazazi na analala mahali ambapo hakuna anayemhesabu usiku, alichukuliwa kuwa mtu mzima mwenye hiari ya kwenda atakako. Ni kweli kwamba mtu mzima ana haki hiyo, na wapo wanaoondoka kwa hiari; lakini saa za kwanza, ambapo kumbukumbu za mashahidi bado ni mbichi na picha za kamera hazijafutwa, hazirudi zikishapita.

Wazazi wake, Doug na Mary Lyall, hawakukaa kusubiri simu. Walikwenda kwa wabunge, wakaeleza, wakarudi tena, hadi mwaka 2003 ikapitishwa sheria inayobeba jina la binti yao, iliyopandisha umri ule kutoka miaka 18 hadi 21. Walianzisha pia kituo cha kusaidia familia nyingine zilizopotelewa, na kutokana na juhudi zao zikachapishwa karata zenye picha za watu waliotoweka na waliouawa bila wahusika kupatikana, zikagawiwa kwa wafungwa magerezani, kwa matumaini kwamba mchezaji mmojawapo angeitambua sura fulani na kuamua kusema anachokijua.

Doug alifariki mwaka 2015 bila kujua mwanawe alipatwa na nini. Jimbo la New York limeitenga tarehe 6 Aprili ya kila mwaka kuwa siku ya kuwakumbuka watu waliotoweka. Ndiyo tarehe aliyozaliwa Suzanne, ambaye alipotoweka zilikuwa zimebaki wiki tano tu atimize miaka 20.