Fainali Ni Jumapili, na Kikao Bado Hakijaisha

Tumeingia fainali. Naandika haya nikiwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, na harufu ya dawa ya kuchua imejaa sebuleni hadi watoto wamehamia jikoni wenyewe bila kuambiwa.

Kwa wasiojua, hapa Kakamega tuna kaligi ketu ka voliboli ya watu wazima. Timu ni nane, za mseto, na masharti ni mawili: uwe umepita miaka thelathini, na kati ya wachezaji sita walio uwanjani wanawake wasipungue watatu. Hakuna mdhamini, hakuna marupurupu. Kombe ni lile lile kila mwaka, sikio lake moja limeunganishwa kwa gundi, na timu inayolichukua hulitunza kwa zamu, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, mpaka lirudishwe.

Msimu wa kawaida ni raha tupu. Mtu akikosa mpira anachekwa, anajicheka na yeye, tunaendelea. Tukipigwa seti mbili kwa nunge tunakula mahindi ya kuchemsha pamoja na waliotupiga. Halafu mchujo unafika, timu nne za juu zinabaki, na wale wale watu ninaowajua wanaanza kunitisha. Mhasibu wetu, mtu mpole ambaye hata mbwa wake habweki, juzi alituma ujumbe kwenye kundi saa tano usiku akiuliza kwa nini tunakula chapati siku ya mechi.

Shida ya kwanza ya mchujo haiwi wapinzani. Huwa ni kalenda. Jaribu kupata siku ambayo watu kumi na wawili wa huku Magharibi wako huru kwa wakati mmoja. Jumamosi ni siku ya mazishi, na hapa kwetu mtu hakosi mazishi kwa sababu ya mpira. Hata uwe seta nambari moja, yule anayewainulia wapigaji mpira, ukionekana uwanjani ilhali mzee wa jirani anazikwa, utasemwa kwa miaka. Isitoshe tuna Msabato mmoja, mpigaji wetu bora wa kushoto, ambaye Jumamosi hata neti haishiki. Jumapili asubuhi ni kanisa. Jumapili jioni ni mvua. Agosti Kakamega haina mzaha: unyevu unapanda kutoka ziwani, unakutana na vilima vya upande wa Nandi, na kufikia saa tisa au saa kumi radi imeanza kunguruma. Juu ya hayo, mwaka huu ni wa shufwa, na Wabukusu hutahiri miaka ya shufwa, kwa hiyo kina Wanyonyi na kina Nafula wote wa timu zetu wana mpwa wa kutahiriwa Bungoma, na huko ndiko hakuna ruhusa ya kukosa.

Kwa hiyo viongozi wakaamua: nusu fainali Jumapili saa saba na nusu, mechi mbili mfululizo, mshindi ni wa seti mbili kati ya tatu. Ibada ikirefuka, mtu aje na suti yake, abadilishe nyuma ya darasa. Nimeona mzee wa kanisa akivua tai huku akiuliza ni nani anaanza kusevu, yaani kuupiga mpira wa kuanzisha.

Shida ya pili ilikuwa neti, na hapo ndipo tulipoteza Alhamisi nzima.

Kisheria neti ya wanawake ni mita 2.24 na ya wanaume mita 2.43. Tofauti ni sentimita 19, na mtu ambaye hajawahi kuruka na magoti ya miaka arobaini na tano anaweza kufikiri sentimita 19 ni kidogo. Msimu mzima tumecheza kwa 2.24. Mlingoti wenyewe una alama ya rangi nyekundu, hakuna aliyewahi kuipima upya. Ghafla, wiki ya mchujo, timu moja yenye wanaume watatu warefu ikaandika barua (barua! yenye tarehe na sahihi) kuomba neti ipandishwe hadi 2.43 “ili kulinda hadhi ya mashindano.” Kikao kikaitwa. Mwenyekiti akaja na tepu ya fundi.

Nilikaa nikisikiliza wanaume wakijadili hadhi. Mmoja akasema tukicheza chini ya hapo mchezo unakuwa wa watoto. Mama Nyanya, anayeuza nyanya sokoni na ambaye yumo timu yetu tangu siku timu ilipoanza, akamwuliza, “Malkia Strikers ni watoto?” Kimya. Timu ya taifa ya wanawake imecheza Olimpiki za Tokyo na za Paris kwa neti hiyo hiyo ya 2.24, na ikaleta ubingwa wa Afrika kutoka Cameroon mwaka 2023. Kwenye Olimpiki zote hizo mbili haikushinda mechi, na mtu mmoja akajaribu kulisema hilo, akakatizwa na kina mama watano kwa pamoja.

Mimi nikaongeza la kwangu, kwa kuwa mwalimu haachi kufundisha hata akiwa likizo. Voliboli ilibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, mkufunzi wa mazoezi wa YMCA kule Holyoke, Massachusetts. Mpira wa kikapu ulikuwa na miaka minne tu, vijana wanaupenda, lakini wafanyabiashara wa makamo waliokuwa kwenye madarasa yake walikuwa wanagongana na kuumia. Akataka kitu chenye jasho lakini kisicho na vikumbo. Akatundika neti futi sita na inchi sita kutoka sakafuni, hata mita mbili haifiki. Yaani mchezo huu, nikawaambia, tangu mwanzo ulikuwa wa watu wenye vitambi na wake nyumbani. Hadhi yake ndiyo hiyo.

Neti ikabaki 2.24. Nadhani si hotuba yangu iliyoamua. Nadhani ni mvua, maana ilianza kunyesha na kila mtu akataka kwenda nyumbani.

Sasa mechi yenyewe.

Tulipangwa na timu ya Khayega. Ukisikia Khayega ujue umekaribia Mukumu, na ukisikia Mukumu mtu yeyote wa rika langu aliyecheza michezo ya shule atanyamaza kidogo. Wasichana wa Mukumu na wa Lugulu walikuwa wanatupiga enzi zile kana kwamba tumewakopa. Sasa wale wasichana ni kina mama, wana biashara, wana presha, na baadhi yao wako ligi hii. Mwili umenenepa lakini mikono haijasahau. Seti ya kwanza walituchukua 25 kwa 17, na nyingi za hizo pointi zilikuwa mpira wa taratibu tu, unawekwa pale ambapo hakuna mtu. Mwanamke mmoja wao, nadhani ananizidi umri, hakuruka hata mara moja. Alikuwa anatazama, anasogea hatua mbili, anagusa, tunaanguka.

Seti ya pili tukaamka. Daktari wetu (wa ng'ombe, lakini tunamwita Daktari tu) alianza kupata mipira yangu kwa wakati, na kazi ya seta ni hiyo, ukimpa mtu mpira mzuri mara tatu mfululizo anaanza kujiona kijana. 25 kwa 21.

Seti ya tatu ni ya pointi 15, na mbingu upande wa Nandi ilikuwa imekuwa nyeusi ti. Tone la kwanza lilianguka tukiwa 9 kwa 8. Refa, mwalimu mstaafu anayevaa kofia ya sufu hata jua liwe kali, akatazama juu, akatazama saa, akapuliza filimbi tuendelee. Tukaenda 12 kwa 12. Na mzunguko ukamleta Mama Nyanya kwenye sevu.

Hapa nieleze jambo kwa wapenzi wa kandanda. Kwenye soka, mchezaji dhaifu unaweza kumficha, unamweka beki ya kulia na kuomba Mungu. Voliboli haina mahali pa kujificha. Kila mkiwanyang'anya wapinzani sevu mnazunguka hatua moja, kwa hiyo kila mtu atafika mbele kwenye neti na kila mtu atafika nyuma kusevu. Njia pekee ya kumficha mtu ni kumtoa. Na Mama Nyanya anasevu kwa mkono wa chini, kama tulivyofundishwa darasa la sita. Msimu mzima sevu hiyo imetupa pointi na imetunyima pointi, hatujawahi kuhesabu.

Nilikuwa mbele, karibu na neti, nikageuka kumtazama. Alikuwa anapangusa mpira kwenye leso aliyojifunga kiunoni, upande mmoja, kisha upande wa pili, pole pole, kwa sababu ulikuwa umelowa. Nikamwona pia kapteni wetu pembeni. Mkono wake ulikuwa umeanza kupanda kuelekea kwa refa kuomba kubadilisha mchezaji. Ukafika usawa wa kifua. Ukasimama pale. Akaushusha, akajikuna shingo nao.

Sevu ikagonga neti ikarudi kwetu. 12 kwa 13.

Hakuna aliyesema kitu. Mama Nyanya alisema “poleni,” akaingia nafasi yake. Wao wakasevu, tukapokea vizuri, Daktari akapiga, 13 kwa 13. Tukazunguka, ikawa zamu yangu. Pointi ya 14 tulipewa kwa kuwa mtu wao aligusa neti, na alikana kwa viapo, akasema ni upepo. Ya 15 mpira ulimteleza mpokeaji wao mikononi ukaenda hadi kwenye ua wa miche. Si ushindi wa kuandikiwa wimbo. Mvua ikafunguka kabla hatujamaliza kushikana mikono, tukakimbilia darasani, timu zote nne, na wale wa Khayega ndio walikuwa na chai.

Na ni hapo darasani, sote tukinuka soksi mbichi, mambo yalipoharibika. Kapteni alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba kwa fainali “tutahitaji kujipanga kivingine.” Mhasibu akaeleza maana yake: ana mpwa, yuko chuo kikuu, mrefu, anachezea timu ya chuo. Umri? “Huo utarekebishwa.” Mtu akicheka cheka akatamka neno ambalo sote tulikuwa tunalifikiria, mamluki, na mhasibu akakasirika kabisa, akasema hajaleta mamluki, ameleta msaada. Kuhusu nani atatoka ili mpwa aingie, hakuna aliyetaja jina. Mpwa ni mwanamume, hivyo kwa hesabu za kawaida angetoka mwanamume. Lakini sisi huanza na wanawake wanne, na masharti yanataka watatu tu. Hesabu hiyo kila mtu aliifanya kichwani, na macho yote yakawa yanatazama dirishani.

Mama Nyanya alikuwa anakunywa chai. Akasema, “Mimi sina neno. Mkiniambia nishike maji, nitashika maji.” Alivyosema hivyo nilitamani angegomba. Angegomba ingekuwa rahisi zaidi kwetu sote.

Nimeifikiria wiki nzima. Kapteni si mtu mbaya, na hoja yake ina miguu: kombe hatujawahi kulishika, na kuna watu kwenye timu hii ambao hawajawahi kushinda chochote maishani mwao cha kuweka juu ya kabati. Mimi mmojawapo. Ningependa sana zamu yangu ya kulitunza lile kombe lenye sikio la gundi, nilipanguse vumbi, wageni waulize. Hiyo tamaa ipo na siifichi.

Lakini naangalia pia nani alikuwa anakuja Machi, wakati wa kupanda mahindi, siku ambazo mazoezini tulikuwa watu wanne na tukicheza wawili kwa wawili ili uwanja usipewe wengine. Mpwa hakuwepo. Hata mhasibu hakuwepo. Aliyekuwa anafika wa kwanza na kamba za mistari ndani ya gunia la nyanya ni mtu mmoja. Na niseme lingine, la ubinafsi kabisa: tukianza kuwatoa watu kwa sababu ya kutoruka, baada ya huyo foleni inakuja kwangu. Magoti yangu yanajua. Daktari wa watu, si yule wetu, aliniambia nipunguze kuruka, nikamwambia nitapunguza baada ya fainali.

Basi jana niliandika kwenye kundi, nikaandika kwa heshima. Kwamba mpwa wa mtu akaribie mwakani akitimiza miaka thelathini. Kwamba wanaoanza Jumapili ni wale walioanza nusu fainali, na kapteni ana haki ya kubadilisha mtu wakati wa mchezo kama sheria inavyomruhusu, yeyote kati yetu, nikiwemo mimi. Kwamba kama uamuzi utakuwa mwingine, watafute seta mwingine pia.

Daktari akajibu “naunga mkono.” Msabato alijibu jua lilipozama, naye akaunga. Mama mwingine akaweka alama ya mikono inayoomba, ambayo sijui kama ni ndiyo au ni kutuombea. Kapteni amesoma, alama za buluu zinaonekana. Mhasibu ameuliza kama pesa za refa zimetimia.

Hazijatimia. Zimebaki mia nne, na mwenye neti anataka amana yake kabla ya Jumamosi.