Kuliwahi jua juu ya Horombo

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ukalala Horombo siku mbili ili mwili uzoee hewa, una alfajiri moja isiyo na safari ndefu. Hiyo ndiyo ya picha. Kambi iko mita 3,720, katikati ya nyika ya vichaka na nyasi ngumu. Panda hadi Zebra Rocks, ule ukuta wa mwamba wenye michirizi myeusi na myeupe, kwenye mita 4,000 hivi. Kwa mwendo wa pole pole ni saa moja hadi moja na nusu, kwa hiyo toka saa 10 alfajiri, na mtoke na mwongozaji wenu.

Jua huchomoza kati ya saa 12:05 na 12:40 kutegemea mwezi: mapema zaidi Novemba, likichelewa zaidi Februari. Ila usiiamini simu kwa dakika. Ukiwa juu hivi upeo unakuwa chini yako, kwa hiyo jua hutokeza dakika nne hadi saba kabla ya saa iliyoandikwa. Wingu likitanda bondeni, tofauti hupungua. Na huku karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hiyo rangi nzuri hazizidi dakika ishirini. Anayefika kwa saa ya simu hukuta sehemu ya rangi hizo imeshapita.

Wengi huelekeza kamera mashariki tu. Kosa. Geuka nyuma: Kibo, kilele kikuu cha mlima, hupata mwanga kabla yako, na theluji yake hugeuka waridi wakati wewe bado umo kivulini. Anza na hiyo. Misenesio, ile mimea mirefu kama miti ya huku juu, ndiyo ya kuweka mbele ya jua, iwe vivuli vyeusi. Tumia f/8 (upana wa tundu la lenzi), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400 kabla ya jua na 100 likishatoka, taima ya sekunde 2, na picha tatu za mwanga tofauti, kwa sababu anga na ardhi havipatani katika picha moja.

Stendi ya kamera ndiyo huharibu kazi bila mtu kujua. Usiku udongo huota sindano za barafu zinazouinua. Zikiyeyuka, mguu mmoja unazama na upeo unaenda upande. Simamisha juu ya mwamba. Betri zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Lenzi ikishika umande wa barafu usiifute kwa mkono wa koti wala usiipulizie pumzi. Tumia kitambaa kikavu, taratibu.

Jua likishapanda, usiikunje stendi bado. Inamia kwenye mmea wa lobelia: katikati ya majani yake kuna maji, na juu yake kigae chembamba cha barafu, ambacho mwanga wa pembeni hukipenya kama kioo. Kwa picha hiyo lenzi ya karibu inatosha, hata ya simu.

Kabla ya kuingia kwenye banda la chakula, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki na uiache humo nusu saa. Unyevu utashika plastiki, usishike lenzi.