Methilini bluu: kabla hujavunja ampuli

Midomo na ulimi wa mgonjwa vimekuwa vya zambarau, oksijeni inapita lita 15 kwa dakika, oksimita ya kidoleni imeganda kwenye 85, na mwenyewe bado anajibu maswali. Ukimtoa damu, inatoka na rangi ya maji ya ukwaju. Hapo mtu mwenye uzoefu huacha kuhangaika na mapafu na kuuliza: amekula nini, amemeza nini, amepakwa nini?

Tatizo hilo ni metahimoglobini, na methilini bluu ndiyo dawa yake. Madini ya chuma ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, yamepoteza elektroni moja, na chuma cha namna hiyo hakishiki oksijeni. Himoglobini nzima iliyobaki nayo huing'ang'ania oksijeni yake, haiiachii mwilini inavyotakiwa. Ndiyo maana mtu mwenye metahimoglobini ya asilimia 40 anaweza kuwa hoi kuliko mwenye upungufu wa damu wa kiwango hicho hicho.

Kipimo cha haraka hakihitaji maabara. Dondosha tone la damu ya mgonjwa kwenye gozi nyeupe, na pembeni tone la damu ya mtu mzima wa afya. Subiri dakika moja au mbili. Damu iliyokosa oksijeni tu itakuwa nyekundu ikipata hewa, lakini yenye metahimoglobini itabaki kahawia. Kipimo cha gesi za damu kitakudanganya, kwa kuwa presha ya oksijeni iliyoyeyuka itakuwa nzuri kabisa na mashine nyingi hukokotoa ujazo wa oksijeni kutokana na hiyo. Inayotoa jibu la kweli ni ko-oksimita, mashine inayopima kila aina ya himoglobini kwenye sampuli ya damu. Hiyo 85 ya kidoleni nayo ina sababu yake: metahimoglobini hufyonza miale yote miwili ya mwanga wa kifaa karibu sawasawa, na uwiano wa 1:1 kifaa husoma kama 85. Metahimoglobini ikizidi, namba inakwama hapo hapo.

Vyanzo vya kwetu vinajulikana. Daposoni inaongoza: wagonjwa wa ukoma huimeza, na pia watu wanaoishi na VVU ambao kotrimoksazoli imewakataa. Wapo wa primakwini, wa dawa za ganzi kama benzokeini na prilokeini (mtoto aliyepakwa ganzi ya fizi mara nyingi kwa siku), na wa nitriti za kuhifadhia nyama zilizochanganywa kwa kukisia. Kwa watoto wachanga kuna maji ya kisima chenye nitreti nyingi, hasa kisima kilicho karibu na choo cha shimo au shamba lenye mbolea. Mama akiambiwa achemshe maji hayo anazidi kuharibu: kuchemsha kunaua vijidudu, ila nitreti inabaki na maji yanapungua, kwa hiyo inakolea zaidi. Maziwa ya unga yakorogwe kwa maji mengine.

Si kila mwenye metahimoglobini anahitaji sindano. Chini ya asilimia 20, akiwa hana dalili, ondoa kisababishi, mpe oksijeni, mwangalie. Wengi hutibu wakiona asilimia 20 pamoja na dalili, au 30 hata bila dalili. Kuanzia 50 kuna degedege, mapigo ya moyo kuvurugika na kupoteza fahamu. Ikipita 70, wengi hufa. Mwenye upungufu wa damu au ugonjwa wa moyo asisubirishwe namba.

Sasa dawa yenyewe. Kwenye boksi huenda usilione neno bluu. Utasoma methilithioniniamu kloraidi. Ni ile ile. Angalia nguvu yake kabla ya kitu kingine chochote, maana hapa ndipo watu huteleza. Ipo ya asilimia 1, yaani miligramu 10 kwa mililita, na ipo ya asilimia 0.5, yaani miligramu 5 kwa mililita. Ukizoea moja ukaletewa nyingine, utampa mgonjwa nusu ya dozi au mara mbili yake. Dozi ni miligramu 1 kwa kilo, na inaweza kufika 2. Mtu wa kilo 60 kwa dozi ya chini anahitaji miligramu 60: mililita 6 za asilimia 1, au mililita 12 za asilimia 0.5. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 12, ambazo ni mililita 1.2 au 2.4. Andika miligramu na mililita zote mbili kwenye faili, na mtu wa pili ahesabu upya kwa karatasi yake mwenyewe, asiitikie tu hesabu yako. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hupewa kidogo zaidi, miligramu 0.3 hadi 0.5 kwa kilo, kwa sababu kimeng'enya chake cha kurudisha himoglobini bado kichanga na dawa yenyewe humvunjia damu kirahisi.

Ichanganye kwenye mililita 50 za dripu ya sukari ya asilimia 5. Usitumie maji ya chumvi. Kloridi iliyomo kwenye maji ya chumvi hupunguza uwezo wa dawa hii kuyeyuka, na mkono uliozoea kuchukua chupa ya chumvi kwa kila kitu ndio unaokosea. Kusafisha mpira kabla na baada kufanyike kwa dripu ya sukari pia. Ukishachanganya, itumie papo hapo. Ampuli zikae ndani ya boksi lake mbali na mwanga, kwenye joto la kawaida la chumba, zisiwekwe friji.

Ipitishe mshipani polepole, dakika 5 hadi 30. Ikisukumwa haraka huleta kichefuchefu, maumivu ya kifua, presha kupanda na mgonjwa kuchanganyikiwa. Kanula iwe kwenye mshipa mzuri, uijaribu kwanza kwa dripu ya sukari. Dawa ikivuja nje ya mshipa, nyama ya pale inaweza kuoza. Chini ya ngozi haichomwi, wala kwenye uti wa mgongo kamwe.

Lakini kabla ya hayo yote kuna maswali mawili, na kwa maoni yetu yanastahili dakika zako kuliko hesabu.

La kwanza ni G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Methilini bluu peke yake haifanyi kazi. Inapoingia kwenye chembe nyekundu, kimeng'enya kimoja hutumia NADPH (molekuli inayobeba elektroni) kuigeuza kuwa umbo lisilo na rangi, na umbo hilo ndilo linalomrudishia chuma elektroni yake. NADPH ya chembe nyekundu hutokana na sukari, kwa njia inayohitaji G6PD. Mtu aliyepungukiwa G6PD hana mafuta ya kuendesha mtambo huo: dawa inabaki na rangi yake ya bluu, na yenyewe inageuka kuwa kioksidishaji kinachozidisha metahimoglobini na kupasua chembe za damu. Upungufu huu ni wa kawaida kwenye maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo, na huwaumiza zaidi wanaume kwa sababu jeni yake imekaa kwenye kromosomu X. Usiku wa dharura kipimo mara nyingi hakipo. Basi uliza: aliwahi kukojoa mkojo mweusi kama soda ya kola baada ya kumeza dawa? Alipata manjano ya kutisha alipozaliwa? Kaka zake, au wajomba upande wa mama? Ukishajua anao, hii si dawa yake; geukia vitamini C ya mshipani, ambayo hufanya kazi polepole, au kubadilisha damu kwa aliyezidiwa. Na usiamini sana kipimo cha G6PD kilichofanywa katikati ya damu kupasuka au baada ya kuongezewa damu, kinaweza kuonyesha kuwa hali ni nzuri wakati si kweli. Pima pia sukari ya mgonjwa. Ikiwa chini, irekebishe, maana ndiyo malighafi.

La pili ni dawa anazotumia. Methilini bluu huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Ikikutana na fluoksetini, setralini, klomipramini, tramadoli, pethidini au linezolidi, serotonini inaweza kufurika: joto kali, jasho, misuli kukakamaa na kutetemeka, mapigo ya kasi, kuchanganyikiwa. Linezolidi tunaitaja makusudi, kwa sababu wagonjwa wa kifua kikuu sugu huimeza kwa miezi na ndugu aliyemleta hospitali atakuambia tu “anatumia dawa za TB”. Mwombe alete vidonge vyenyewe. Kama hali ni ya kufa na kupona dawa hutolewa hata hivyo: ile nyingine isimamishwe, dozi iwe ya chini, na uangalizi uendelee saa 24 baada ya sindano ya mwisho.

Dakika chache baada ya kuanza, oksimita itashuka ghafla, pengine hadi kwenye 60 na kitu. Usikimbilie kuongeza dozi. Rangi ya dawa inafyonza mwanga mwekundu wa kifaa, ni suala la namba tu. Ko-oksimita nayo huchanganyikiwa na rangi hiyo, kwa hiyo sampuli ya muhimu ni ile uliyochukua kabla. Mwangalie mgonjwa mwenyewe: midomo, pumzi, akili. Nafuu hutarajiwa ndani ya saa moja. Ikikosekana, rudia dozi ile ile mara moja tu. Jumla isipite miligramu 7 kwa kilo, na kwa sumu ya daposoni au anilini (kemikali ya kutengenezea rangi) isipite 4, kwa kuwa ikizidi dawa inatengeneza metahimoglobini ile ile uliyokuja kuiondoa. Kama dozi mbili hazijasogeza kitu, acha kuongeza ufikirie G6PD, au himoglobini ya kuzaliwa nayo isiyo ya kawaida, au sulfohimoglobini (himoglobini iliyoungana na salfa), au kisababishi ambacho bado kipo mwilini. Mtu wa daposoni asiruhusiwe asubuhi kwa sababu amepona usiku. Daposoni hukaa mwilini siku kadhaa, na metahimoglobini hurudi.

Kuna mtindo mpya wa kuuza matone ya methilini bluu mitandaoni kama kiongeza nguvu cha ubongo. Ile ya kutibu samaki wa akwariamu na ile ya kupaka slaidi za maabara zina uchafu wa metali usioruhusiwa kwenye dawa ya binadamu, na mnunuzi anayemeza dawa za sonona hataambiwa lolote kuhusu serotonini.

Mgonjwa akitoka, mwandikie kwenye kadi jina la kilichomdhuru. Mwambie mkojo utakuwa wa kijani au bluu kwa siku kadhaa, kinyesi pia, na jua kali alikwepe. Mama anayenyonyesha asitishe kunyonyesha hadi siku 8, akamue na kumwaga. Shuka zilizodondokewa loweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo, zikisubiri hadi kesho hazitoki.