Wikendi ya muziki nyumba hadi nyumba, na majirani wakalala

Karibu kila niliyemwambia kwamba tunaandaa wikendi ya sherehe za nyumbani, muziki tukiupiga wenyewe, alinijibu neno lilelile: kodini spika kubwa. Mwingine akaongeza kwamba tubandike trei za mayai kwenye kuta za sebule, eti sauti haitatoka nje. Wa tatu akanielekeza namna ya kuua mvumo kwenye spika kwa kukata mguu mmoja wa plagi. Ushauri wote huo ni mbovu, na huo wa mwisho unaua. Sisi tulifanya kinyume chake, Ijumaa hadi Jumapili, kila siku kwa mwenyeji mwingine, ala zote zikalia na hakuna jirani aliyekuja kugonga mlango kwa hasira. Najivunia wikendi ile, na nataka wengine waifanye.

Kundi letu ni marafiki wa miaka mingi: gitaa, besi, kinanda, saksafoni, mpiga ngoma, waimbaji, na wale wasiopiga chochote ambao bila wao ingekuwa mazoezi tu, si sherehe. Mambo ya kualika watu, viti na nani alale wapi siyasemi, kila mtu anajua nyumba yake.

Nianze na trei za mayai, kwa sababu nimechoka kuzisikia. Trei ni karatasi nyepesi. Linaweza kupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi. Kuzuia sauti isipenye ukutani kunataka uzito na kuziba kila upenyo, na sebule ya kawaida haina uwezo huo hata ukiipamba namna gani. Kinachowezekana ni kujua sauti ipi inapenya, kisha kuishughulikia hiyo.

Kulijua hilo nilikwenda kwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama mtu mzima anayeishi peke yake. Watu walinishauri nikamwombe radhi mapema. Mimi niliona radhi haitamsaidia kulala. Nilimwamkia nikamwomba jambo jingine: aniruhusu nisimame chumbani kwake kidogo wakati wenzangu wanapiga kwetu.

"Pita mwanangu," akasema, "lakini vua viatu."

Nikampigia simu rafiki aliyekuwa sebuleni kwetu, nikamwambia waanze. Sauti ya mwimbaji haikufika kabisa. Gitaa lilisikika kwa mbali, ukilitafuta. Besi ilifika nzima. Mama akaweka kiganja chake ukutani, akaniambia niweke na changu, na kweli ukuta ulikuwa unatetemeka.

"Huyu ndiye atakayeninyima usingizi," akasema. "Hao wengine waacheni waimbe."

Sababu yake ni ya kifizikia. Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi la namna hiyo halijali pazia wala karatasi. Basi tukaanza kazi, mimi nikiwa na simu sikioni, mama akiwa na kiganja ukutani. Nikamwambia mpiga besi aiondoe spika yake kwenye kona, maana kona huongeza sauti nzito. "Bado," akasema mama. Nikamwambia ainyanyue kutoka sakafuni, aiweke juu ya godoro la sponji lililokunjwa, ili mtikisiko usiingie moja kwa moja kwenye jengo. Mama akatikisa kichwa, akasema imepungua. Nikamwambia azungushe kitufe cha besi kwenye amplifaya arudi nyuma, apunguze zile za chini kabisa. Imepungua tena. Mwisho nikamwomba apige mistari ileile okteva moja juu, yaani noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi, karibu na katikati ya shingo ya gitaa. Mama akaondoa kiganja.

"Sasa nalala."

Rafiki yangu wa besi alinung'unika wimbo mzima wa kwanza. Kufika wa tatu alikuwa ameacha, kwa sababu kwa mara ya kwanza kila mtu chumbani alikuwa anasikia noti anazopiga. Besi nzito kwenye chumba kidogo huvimba na kuziba kila kitu, hujui imeanzia wapi.

Kila nikisimulia kisa hiki, mtu huniuliza kama haikuwa aibu kuingia chumbani kwa jirani. Haikuwa. Alikuwa akiulizwa kwa mara ya kwanza hasa nini kinamsumbua, na alijua kulijibu vizuri kuliko mafundi wote niliowauliza.

Dramu kamili tuliziacha. Hakuna anayeweza kupiga dramu kamili sebuleni bila wenzake kulazimika kupandisha sauti, na hapo mashindano huanza: gitaa linapanda, kinanda kinapanda, mwimbaji anapiga kelele, ala ya kumfuata haipo tena. Mpiga ngoma wetu alikuja na kahoni, ile ngoma ya sanduku unayoikalia na kuipiga kwa viganja. Ilizaliwa kwa watu wa asili ya Kiafrika katika pwani ya Peru, na kwa muziki wa ndani ya nyumba sijaona kitu bora. Ina mlio mzito ukipiga katikati na mkali ukipiga ukingoni. Dada mmoja aliongeza njuga, ikatosha.

Kanuni niliyoisimamia kwa ukali ilikuwa moja: mwimbaji aanze bila maikrofoni. Mtu akae karibu na mlango, na wapigaji washuke mpaka yule wa mlangoni asikie maneno ya wimbo. Hapo ndipo maikrofoni iwashwe, kidogo tu, mwimbaji apumzishe koo. Watu huifanya kinyume, wanapandisha maikrofoni ili izishinde ala, halafu wanashangaa spika inapiga mluzi.

Mluzi nao una dawa isiyogharimu kitu. Maikrofoni nyingi za kuimbia, mfano ile Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 na bado iko kila mahali, husikia zaidi mbele na kidogo kabisa nyuma. Basi spika ziwekwe upande ule ambao mgongo wa maikrofoni unatazama, mbali kidogo, ukutani nyuma ya mwimbaji pasiwe patupu. Sisi tulitundika mablanketi mazito, yakafanya kazi nzuri. Na waimbaji wasikifumbate kile kichwa cha wavu kwa kiganja. Wameiga kwenye video, wanaona inapendeza, lakini mkono ukiziba matundu ya nyuma maikrofoni huanza kusikia kila upande na mluzi unarudi. Ilibidi nimwambie mwimbaji wetu mara kadhaa, na kila aliposahau, spika yenyewe ilimkumbusha.

Jumamosi tulipohamia nyumba nyingine tukapokewa na mvumo. Mmmmm ya chini, haiishi, hata mtu asipopiga. Hapo ndipo yule wa plagi alipotaka kisu. Nilimzuia, na nitaendelea kumzuia kila mtu. Mguu ule ni wa waya wa ardhi, na kazi yake ni kuupitisha umeme uliovuja usipitie mwilini mwako. Mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma, mdomo wake unagusa maikrofoni ya chuma. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972, kwa kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi nzuri. Hilo lilitokea ukumbini, kwa watu wa kazi.

Mvumo wetu tuliusaka kwa subira. Tulichomoa vifaa kimoja kimoja na kurudisha kimoja kimoja. Chanzo kilikuwa kompyuta mpakato iliyounganishwa na mashine ya kuchanganyia sauti, huku chaja yake iko kwenye soketi ya ukuta mwingine. Vifaa viwili vinavyounganishwa kwa waya wa sauti, kila kimoja kikiwa na njia yake ya kwenda ardhini, hutengeneza mzunguko, na mzunguko huo huuchukua mtikisiko wa umeme wa nyumba, ambao ni 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi. Tukavuta vyote kwenye ekstensheni moja nzima yenye ardhi. Kimya. Vifaa vyetu ni vidogo, kwa hiyo soketi moja ilitosha. Ukiwa na mzigo mkubwa, fundi umeme aangalie kwanza. Usiku ule ulikuwa mtamu kuliko yote. Watu walicheza sakafuni pekupeku mpaka saa za kulala za watu wazima, na nyimbo tulizodhani tumezisahau zilijitokeza zenyewe.

Masikio pia niliyalinda, ingawa walinicheka. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100, umebaki na robo saa. Programu ya simu si kipimo cha maabara, lakini ilitosha kutuonyesha tukianza kupanda, na nilimpa kazi hiyo rafiki asiyepiga ala. Aliifanya kwa moyo wote.

Jumapili ilikuwa mchana, kwa rafiki mwenye piano ya zamani ya familia. Alionya kwamba noti zake zimeshuka, na watu wakashauri tuiache tulete kibodi. Piano ile ina sauti ya joto ambayo hakuna kibodi ya kwetu inayoifikia, nikakataa. Kiwango cha kimataifa, ISO 16 ya mwaka 1975, kinaweka noti iitwayo "la" kwenye mitikisiko 440 kwa sekunde; hii ilikuwa chini ya hapo, ila noti zake zilikuwa zimeshuka pamoja, zenyewe kwa zenyewe zinaelewana. Basi tukaifuata sisi. Gitaa na besi zililegeza nyuzi. Saksafoni ilivuta kidogo kipande cha mdomo nje, bomba likarefuka, noti ikashuka. Waimbaji walifurahi kuliko wote, maana baada ya siku mbili za kuimba koo lililochoka linaipokea kwa shukrani noti iliyoshuka hata chembe. Hapo hatukuwasha spika hata moja.

Gharama tuligawana na hakuna aliyelalamika. Kukodi spika mbili ndogo kulituchukulia karibu nusu ya tulichotajiwa kwa zile kubwa. Salio lilikwenda kwenye nyuzi mpya na kebo, na ningesisitiza kebo. Kebo mbovu huharibu wimbo katikati na hakuna wa kumlaumu. Zifungeni utepe wa rangi, kila mmoja rangi yake, kabla ya sherehe ya kwanza. La sivyo Jumapili jioni kila mtu ataondoka na kebo ya mwenzake. Yangu nyekundu zilirudi zote.